Kununua na kuuza Datsun 240Z onlaini: angalia bodi na makaratasi kabla hujaangalia rangi

Kama unawaza kununua gari ya sporti ya zamani kwa kuitafuta mtandaoni, naandika haya nikiwa na gari moja kichwani, Datsun 240Z, kwa sababu hii gari sisi watu wa Afrika Mashariki tunaijua kwa kazi yake. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo Safari Rally, na 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda nayo tena, tena kwa shida maana Mehta alimaliza akiwa sare na Harry Källström aliyekuwa na Datsun nyingine. Kwa hiyo mzee wako akikuambia aliziona zikipita kwenye vumbi jua hakutungii hadithi. Mengi nitakayosema yanafaa pia hata kama unatafuta MGB, Alfa Romeo, Celica za mwanzo au Porsche 911 ya zamani, ila nitabaki kwenye 240Z ili tuongee vitu vinavyoshikika.

Msimamo wangu ni huu, na nimeona watu wengi wakilia kwa kuupuuza: injini inatengenezeka, viti vinashonwa, rangi inapigwa, lakini bodi iliyooza na makaratasi mabovu ndivyo vinavyomfilisi mtu. Onlaini ni hatari zaidi kwa sababu picha inaonyesha rangi vizuri sana na inaficha kutu vizuri sana.

Kwanza jua unatafuta nini hasa

240Z ilianza kutoka mwishoni mwa 1969 mpaka 1973, injini ni L24, silinda 6 za mstari, lita 2.4, kabureta mbili. Baada ya hapo ikaja 260Z, halafu 280Z ya soko la Marekani yenye injeksheni. Matangazo mengi yanachanganya hizi gari, mengine kwa kutojua na mengine kwa makusudi, maana kwa nje mtu asiyezoea haoni tofauti na bei hazifanani kabisa. Pa kuanzia ni namba ya chesisi. Ikianza na HLS30 hiyo ni ya usukani wa kushoto na zimejaa sana mtandaoni maana nyingi zilienda Marekani, ikianza na HS30 ni 240Z ya usukani wa kulia, na S30 yenyewe ni Fairlady Z ya Japani kwenyewe ambayo kwa kawaida ina injini ya lita 2. Kuna PS30, hiyo ni Z432, gari adimu yenye bei ya kutisha, kwa hiyo ukiona mtu anauza "Z432" na namba haianzi na PS30 funga hilo tangazo uendelee na maisha.

Zile za mwanzo kabisa zina matundu ya hewa kwenye mlango wa nyuma wa buti, baadaye yakahamishiwa pembeni kwenye nguzo ya nyuma yakawekwa nembo ya Z. Hiki kitu kidogo kinakusaidia kumjua muuzaji, anaposema gari ni ya 1970 na matundu yako pembeni muulize imekuwaje, anaweza kuwa na jibu zuri tu, ila lazima awe na jibu.

Suala la usukani usilichukulie poa. Kenya gari ya usukani wa kushoto haisajiliwi kwa matumizi ya kawaida, na gari ya mtumba inayoingia haitakiwi kuzidi miaka 8, kwa hiyo mtu wa Nairobi au Mombasa kwa kweli anawinda gari ambazo zilishakuwepo nchini toka enzi hizo, zile zilizofunikwa turubai kwenye gereji ya mtu Nakuru au Karen. Uganda nao walishafunga mlango kwa gari iliyopita miaka 15. Tanzania gari ya zamani inaingia lakini unalipia umri wake, nitafika huko. Kama uko Uingereza, Oman au Marekani hesabu yako ni nyingine kabisa, na wengi wetu tuliopo huko ndio tunaonunua na kuziacha hukohuko.

Bei: angalia zilizouzwa, usiangalie zinazoombwa

Hapa watu wanapotea sana. Mtu anaona tangazo la dola 90,000 anadhani ndiyo bei ya gari, kumbe hilo tangazo lina mwaka mzima halijaguswa. Bei ya kweli ni ile ambayo mtu alitoa pesa. Bring a Trailer, tovuti ya Marekani ya minada ya magari, wanaacha matokeo ya minada yao yote wazi pamoja na picha na maswali watu waliyouliza, na eBay ina kichujio cha kuonyesha vitu vilivyokwisha kuuzwa tu. Kaa hapo jioni kadhaa, soma minada ya 240Z zenye hali inayofanana na unayoitaka, na soma hasa yale maswali ya chini, kuna wazee mle wanaijua hii gari mpaka nati na watakufundisha bure.

Ila usichukue rekodi ukaifanya kipimo. Januari 2020 kuna 240Z ya 1970 iliuzwa Bring a Trailer kwa dola 310,000 na tangu siku hiyo kila mwenye Datsun iliyooza nyuma ya nyumba anajiona tajiri. Ile ilikuwa gari iliyotembea maili chache mno na imebaki na vitu vyake vya kiwandani, hiyo ya kwako iliyobadilishwa injini na kupigwa rangi ya chungwa haiko kwenye kundi hilo. Kumbuka pia mnada unaongeza ada ya mnunuzi juu ya bei uliyoshinda, kila sehemu ina asilimia yake, soma masharti kabla hujaanza kupandisha dau. Na usidhani utamvizia mtu sekunde ya mwisho, minada mingi ya magari ikiwekewa dau mwishoni muda unaongezwa, kwa hiyo andika namba yako ya mwisho kwenye karatasi kabla na ukifika hapo acha.

Kutu, sasa hapa tukae

240Z haina fremu ya peke yake kama pikapu. Bodi yenyewe ndiyo inabeba kila kitu, kwa hiyo kutu sio suala la urembo, ni gari inayopoteza mifupa. Na chuma cha wakati ule hakikuwa na kinga tunazoziona kwenye gari za leo.

Anza na trei ya betri. Asidi imedondoka hapo miaka 50, inakula trei, inashuka kwenye ukuta wa moto (ule unaotenganisha injini na sehemu ya abiria) na kwenye reli iliyopo chini yake. Omba picha ya trei betri ikiwa imetolewa, sio picha ya betri mpya inang'aa imekaa juu ya uozo. Halafu panda pale chini ya kioo cha mbele ambapo maji ya mvua hupita, majani yakiziba mkondo maji yanakaa humo ndani na kuoza kunaanzia kusikoonekana. Shuka kwenye sakafu: sakafu ya hii gari ilipakwa tabaka jeusi la lami kuzuia kelele, na chini ya hiyo lami kutu inaweza kuwa imeshakula chuma chote huku juu panaonekana safi, kwa hiyo kapeti likunjwe, na muuzaji agonge kwa mpini wa bisibisi huku anarekodi vidio. Chuma kizima kinalia, chuma kilichokufa kinatoa sauti ya kufa.

Bado kuna vizingiti vya chini ya milango, kipande kile kifupi kati ya mlango na tairi la nyuma, shimo la tairi la spea, na mdomo wa chini wa mlango wa buti. Hapo nyuma kuna dalili moja nzuri, muulize muuzaji kama akiendesha anasikia harufu ya moshi ndani. Mipira ya mlango wa buti na ya taa za nyuma ikichoka moshi unaingia ndani, na palipoingia moshi na maji yameingia. Hizi mipira zinauzwa sio tatizo kubwa, lakini swali lenyewe linakuonyesha kama mtu anaendesha gari yake au anaihifadhi tu kwa ajili ya kuipiga picha.

Halafu puti, ule udongo wa kuzibia bodi kabla ya kupiga rangi. Fundi mzuri wa puti anaweza kukutengenezea kizingiti kizima ambacho hakina chuma ndani. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa ipitishwe taratibu kwenye maeneo yote niliyotaja, inapoacha kushika hapo hakuna chuma au kiko mbali chini. Omba hili lifanyike kwenye vidio isiyokatwa. Kuna kipimo cha unene wa rangi pia, fundi bodi wa maana anacho. Angalia nafasi kati ya mlango na bodi, iwe sawa juu mpaka chini, ikiwa juu imebana na chini imeachia gari hiyo imewahi kugongwa au vizingiti vimelegea na imekaa kama imevunjika kiuno.

Picha za chini ya gari ni lazima. Ikiwa imeinuliwa, mwanga wa kutosha, kutoka mbele mpaka nyuma. Muuzaji anayekutumia picha 40 za rangi na hana hata 1 ya chini, mwombe mara moja kwa heshima, akizungusha maneno achana naye, na hapa sina huruma kabisa, hata kama gari ni nzuri kwa macho kiasi gani. Chini kote kukiwa kumepakwa nyeusi mpya nako kuna maswali.

Injini nitapita haraka maana L24 ni injini ngumu. Unachotaka ni vidio ya kuwasha asubuhi ikiwa baridi kabisa, muuzaji aweke mkono kwenye injini kwanza aonyeshe ni baridi, kisha aiwashe, na kamera izunguke mpaka kwenye ekzosi uone rangi ya moshi, na geji ya presha ya oili. Kugonga kidogo kwa difu wakati wa kuweka gia kumezoeleka, mara nyingi ni mpira wa difu umechoka. Gia ya pili ikikwaruza sinkroni (vile vipete vinavyofanya gia iingie laini) zimeisha. Na kama ni gari ya 1973 ya Marekani angalia kabureta, zile zenye kifuniko bapa zilisumbua watu wakaziondoa wakaweka za duara za miaka ya nyuma, huo ni ubadilishaji ambao mimi ningeufurahia.

Makaratasi na pesa

Namba ya chesisi imegongwa kwenye ukuta wa moto ndani ya boneti, na kuna kibati kinachoonyesha namba ya chesisi na namba ya injini. Unataka picha ya ule ukuta, ya kibati, ya namba kwenye injini yenyewe, na ya hati ya umiliki, zote zifanane. Injini ikiwa tofauti gari bado inauzika ila bei ishuke. Chesisi ikiwa tofauti na hati, simama hapo hapo, usisikilize hadithi ya binamu aliyefariki.

Jina lililoko kwenye hati liwe la mtu unayeongea naye. Kama ni Kenya, omba logibuku na ufanye utafutaji wa rekodi ya gari NTSA, mamlaka ya usafiri ya kule. Tanzania ni kadi ya gari, nenda nayo TRA wakuthibitishie. Gari ikiwa Uingereza, serikali ina tovuti ya bure ambapo ukiingiza namba ya gari unaona historia ya ukaguzi wa MOT kuanzia 2005, ilifeli kwa nini na ilikuwa imetembea maili ngapi, na "kutu kali kwenye vizingiti" ya mwaka 2011 inaongea zaidi kuliko tangazo lolote. Usishtuke ukaguzi ukikatika baada ya 2018, kule gari iliyopita miaka 40 ambayo haijabadilishwa sana ilisamehewa. Ikiwa Marekani na unataka kuitoa, forodha yao inataka kuiona gari pamoja na hati halisi ya umiliki angalau saa 72 kabla haijaondoka, kwa hiyo gari ya bei chee inayouzwa na karatasi ya mauziano peke yake haitapanda meli, na huyo muuzaji anajua.

Matapeli wa gari za zamani wana mtindo unaojirudia. Bei iko chini sana, mwenye gari yuko nje ya nchi, gari iko stoo ya kampuni ya usafirishaji, ulipe amana leo maana kuna mtu mwingine anaitaka, na pesa inapita kwenye tovuti ya mtu wa kati ambayo yeye ndiye aliyekutumia linki. Chukua picha za tangazo uzitafute kwa Google Lens, mara nyingi utazikuta kwenye mnada wa miaka iliyopita. Mwambie muuzaji aandike jina lako na tarehe ya leo kwenye karatasi aiweke juu ya dashibodi apige picha, halafu mfanye vidio koli akiwa amesimama pembeni ya gari. Anayeuza gari kweli hilo anafanya dakika 5.

Na kabla ya kutuma pesa kubwa tafuta mtu wa kwenda kuiona kwa macho. Mlipe fundi au mkaguzi wa kule, dola mia mbili au tatu kwenye gari ya elfu hamsini hazikupunguzii kitu. Sisi tuna ndugu kila kona, kuna Mswahili Leicester, kuna mmoja Minneapolis, kuna wengine Muscat, ukimwomba mtu kwa adabu na ukamtumia hii orodha ya kutu anaenda. Akaunti ya benki ikija kwa imeili piga simu usomewe namba kwa sauti, maana imeili zinadukuliwa na namba inabadilishwa katikati.

Kuisafirisha

Meli zinabeba kwa njia mbili, ya kuingiza gari kwa kuendesha, au kontena. Ya kuendesha ni nafuu lakini gari iwe inatembea na breki zinashika, na usiweke spea ndani ukategemea kuzikuta. Kwa gari ya thamani mimi napendekeza kontena, ifungwe vizuri kwenye matairi, betri itolewe waya. Bima ya baharini lipa, usiangalie nyuma.

Ukifika Dar es Salaam ushuru haupigwi kwenye bei ya gari peke yake, unapigwa kwenye bei pamoja na bima na nauli ya meli. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, VAT asilimia 18, katikati kuna ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini, na juu yake kuna nyongeza kwa gari iliyozidi miaka, ambayo kwa 240Z huikwepi. Kikokotoo cha TRA kinafaa kwa Vitz na Harrier, kwa gari ya 1972 kaa na wakala wa forodha aliyesajiliwa KABLA hujanunua, akuandikie makadirio, maana watu wameshinda mnada halafu gari ikalala bandarini inakula gharama za kuhifadhi kila siku.

Ukiwa wewe ndiye muuzaji

Pindua yote niliyosema. Kila picha ambayo ungetaka kuiona, ipige wewe. Picha zaidi ya 100 sio nyingi, wanunuzi wa nje wamezoea hivyo. Isogeze gari kwenye kivuli au ipige asubuhi mapema, jua la saa 7 linaunguza rangi kwenye picha na kuficha mistari ya ile boneti ndefu ambayo ndiyo inauza hii gari. Usiipige picha ikiwa imelowa, wenye uzoefu wanajua maji yanaficha ubovu wa rangi.

Kasoro ziandike wewe mwenyewe juu kabisa, na picha zake. Kipele cha kutu kwenye kizingiti, dashibodi iliyopasuka (karibu zote zimepasuka, hakuna atakayekucheka), saa isiyofanya kazi. Ukisema wewe, mnunuzi anakuamini kwenye mengine yote na anapandisha dau kwa amani, akigundua yeye hata kitu kidogo anaanza kujiuliza umeficha kipi kingine. Wakati mnada unaendelea jibu maswali siku hiyohiyo. Bei ya chini ya siri weka ile ambayo kweli ungeikubali, usiweke ndoto.

Kama gari yako ina historia ya ralli, hapo kuna pesa lakini kuna uongo mwingi pia. Tangu 2003 kuna East African Safari Classic Rally inayoleta watu kutoka nje na gari za zamani, na watu hao wanazitafuta 240Z za usukani wa kulia zilizokaa huku. Mjomba kusema "hii ilikimbia Safari" haiongezi hata shilingi. Picha ya wakati ule yenye namba ya gari inayosomeka, logibuku ya zamani yenye jina la dereva, risiti, hivyo ndivyo vinavyoongeza. Kama huna andika tu kwamba ilikaa Kenya au Tanzania tangu mpya, hilo peke yake wengi wanalipenda kwa sababu haijaonja chumvi ya barabara za theluji. Ila kama ilikaa Mombasa au Tanga sema pia, chumvi ya bahari nayo inakula.

Pesa ikishaingia na benki imethibitisha kwa mdomo wao, sio skrini shoti ya mnunuzi, ndiyo mnasaini mkataba wa mauziano mbele ya mwanasheria na kuanza kuhamisha umiliki, na usiiachie gari ikiwa bado ina jina lako kwenye mfumo. Na kabla hujaweka tangazo pita stoo. Rimu za chuma za mwanzo, vifuniko vyake, redio ya zamani, jeki, kabureta mlizotoa mwaka ule mkaweka nyingine, kitabu cha mwongozo, vyote vipige picha viwe sehemu ya mauzo. Watu wanatupa hivi vitu wakidhani ni takataka, wakati kuna mtu Osaka au Birmingham ameshavitafuta mpaka amechoka na atakuongezea pesa ya maana kwa ajili ya hilo boksi.